Nusu Tone la Nyeusi

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Najua mwandiko umeutambua kwenye bahasha, na najua mama mdogo amekuambia uisome tu, karatasi haiumi. Mshukuru kwa niaba yangu.

Miaka kumi na tano iliyopita uliniambia mlangoni kwamba mkono ulioacha sufuria ya sindano ikichemka karibu na mtoto usiguse tena wino wako. Nilitii nusu. Wako sijaugusa, naugusa wangu. Nina chumba kimoja juu ya fundi viatu, kiti cha kinyozi nilichokinunua kikuukuu, na mashine mbili za kuchorea tatuu, moja nzima na nyingine ya kuombea dua. Majina ya wapenzi ndiyo yananilisha. Nayachora Januari, nayafunika Juni.

Sikuandikii kwa ajili ya biashara. Nakuandikia kwa ajili ya Kipusa, mjukuu wako. Ana miaka kumi na tisa sasa. Kovu la yale maji ya moto yaliyommwagikia limekua naye, linaanzia chini ya sikio la kushoto, limefuata taya mpaka pembeni mwa mdomo, upana wa kiganja. Mwezi wa kumi alikubali nilifunike kwa wino wa rangi ya ngozi yake. Nilichanganya mpaka ikafanana kabisa. Siku ile alijitazama kwenye kioo akacheka, Baba. Baada ya wiki sita ile rangi ikawa jivu lenye ubuluu. Kuna mtu akampiga picha na kuisambaza na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kipusa akaivunja simu yetu ukutani, na tangu hapo hatuna simu.

Tarehe ishirini na mbili Desemba alimeza vidonge vyangu vya presha. Nilimkuta sakafuni bafuni. Hospitali walimwahi.

Sasa haendi popote, na kioo amekifunika kwa shuka. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, kinafunguliwa tarehe kumi na sita Juni. Juzi akaniambia: "Mama, jaribu mara moja tu. Ukishindwa usiniombe tena kitu chochote." Kitu chochote, Baba. Mimi ndiye niliyemzaa, naielewa hiyo sentensi.

Ngozi ya kovu haipokei wino mara ya tatu, ulinifundisha wewe. Na mimi ni mweusi, nimemchukua mama, siwezi kujaribia kwangu. Kipusa hanipi hata mkono wake, anasema nikikosea atakuwa ameharibika sehemu mbili. Rangi yake ni yako, maji ya kunde ile ile. Nipe mchanganyiko wako. Maji yamenifika shingoni, na anayezama si mimi.

Bintiyo


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba.

Umetia nyeusi. Nilijua kabla sijageuza ukurasa. Ulitaka rangi iingie giza kidogo, ukachovya nyeusi kama mpishi asiyejua chumvi. Nyeusi ni mgeni mnafiki. Akibisha hodi anasema yeye ni kivuli tu, akishapewa mkeka anageuka buluu. Juu ya ngozi huioni, ikishalala chini ya ngozi inajitangaza. Nilikuambia hayo ukiwa na miaka kumi na sita, ukaniitikia "ndiyo Baba" huku unatazama dirishani.

Haya, shika kalamu. Nyeupe matone kumi na mawili. Manjano matano. Kahawia saba. Chungwa mawili. Damu ya mzee matatu. Giza lote litoke kwa damu ya mzee, nyeusi isikaribie hata mezani. Mama yako mdogo amesoma juu ya bega langu akauliza, "Damu ya mzee yupi?" Nimemwambia ya kwangu, maana ndiyo itakayomwagika.

Sikiliza sasa. Usimguse mtoto. Changanya, tia kwenye chupa ndogo, niletee. Paja langu la kushoto lina madoa thelathini na moja ya majaribio, kila moja na mwaka wake, lakini mkono wa kushoto bado una nafasi. Nitajichora mwenyewe, nitasubiri wiki sita gamba litoke na rangi itulie, ndipo nitakuambia ipi ya kwenda usoni.

Kuhusu lile neno la mlangoni, tutalizungumza siku nyingine. Mistari ikipandana usicheke, meza hii inayumba.

Baba yako


6 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikanawa mikono, halafu nikachanganya.

Kwenye kifurushi kuna chupa tatu. Nimezifunga uzi shingoni. Yenye fundo moja ni mchanganyiko wako tone kwa tone. Yenye mafundo mawili ni wako pia, nimepunguza damu ya mzee tone moja. Yenye mafundo matatu ni wangu mwenyewe. Usiniulize kilichomo, nitakuambia baada ya majibu. Nataka uihukumu kwa macho yako na si kwa masikio.

Yaangalie asubuhi, dirishani, kwa jua. Taa isikudanganye.

Kipusa aliniona nikifunga kifurushi akauliza nani atachomwa. Nikamwambia babu yako. Akasema, "Kumbe nina babu." Baadaye akarudi: "Mwambie asijiumize." Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoniambia wiki hii.

Nahesabu siku, Baba. Bafu nimeling'oa komeo.

Bintiyo


25 Aprili

Mwanangu,

Wiki sita zimetimia, na mimi si mtu wa kupaka maneno mafuta, kwa hiyo soma.

Doa la kwanza limeelekea wekundu. Si baya, lakini mtu akitazama atajua hapo pana kitu. Hilo ni langu mwenyewe, na nimelikubali kama mzazi anavyomkubali mtoto mvivu. La pili ni zuri zaidi, ila kingo zake naziona.

La tatu halionekani.

Nimekaa dirishani asubuhi tatu mfululizo. Nimelitafuta kwa macho nikalikosa, nikalipata kwa kidole, maana ngozi imebaki na mkwaruzo. Nikamwita mama yako mdogo, akatazama, akasema "vizuri." Mwanangu, miaka arobaini nimekuwa nikichanganya wino na sijawahi kupata rangi ya kulala namna hii. Sijui umetia nini, lakini umenipita. Fundi akipitwa na mwanafunzi wake, siku hiyo anakula vizuri, na mimi jana nimekula sahani mbili.

Lile neno la mlangoni nimelibeba miaka kumi na tano na ni zito kuliko kovu la mtoto. Nililisema kwa sababu niliogopa, na mtu mwoga hutafuta wa kumtupia. Nisamehe. Mkono wako uguse wino wangu, wako, wa mtu yeyote.

Tumia chupa ya tatu.

Baba yako


5 Mei

Baba,

Shikamoo Baba, shikamoo tena. Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye kile kiti cha kinyozi, nikakizungusha kama mtoto. Fundi viatu akagonga dari yake kwa nyundo, akidhani nimeanguka.

"Halionekani." Nimemsomea Kipusa neno hilo mlangoni mwa chumba chake. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

Sasa nikutolee siri, ucheke. Ile ya tatu niliitia nusu tone la nyeusi. Nilichovya ncha ya sindano tu, nikaigusisha kwenye chupa. Damu ya mzee peke yake ilikuwa inanipa joto nisilolipenda, nikajisemea labda hii sheria ya Baba ni ya wino wa zamani, labda siku hizi nyeusi zimestaarabika. Nikaogopa kukuambia, ungeitupa chupa jalalani. Samahani kwa kukujaribu. Umeona mwenyewe kwamba haikugeuka buluu!

Tunaanza Jumamosi hii, tarehe kumi. Yeye ndiye aliyechagua siku, hataki kungoja. Akipona vizuri gamba litakuwa limetoka kabla ya chuo.

Baba, amekula leo. Amekula mezani.

Bintiyo


12 Mei

Baba,

Tumemaliza. Saa nne na nusu, tukapumzika mara mbili. Alinishika ukingo wa gauni kama alivyokuwa akinishika sokoni alipokuwa mdogo, hakuachia mpaka nikazima mashine.

Bado pamevimba na pekundu, lakini chini ya wekundu rangi imekaa kama imezaliwa hapo. Nilimwambia asijitazame mpaka gamba litoke. Hakunisikia. Ameondoa shuka kwenye kioo, ameikunja vizuri, ameirudisha kabatini.

Jana aliniuliza viatu vya wauguzi huwa vya rangi gani. Nikamwambia vyeupe. Akasema atashuka kwa fundi wa chini aulize bei, aende mwenyewe. Na alikwenda, Baba. Ngazi zote kumi na nne.

Sina jingine. Nilitaka ujue tu.

Bintiyo


14 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, posta ingenichelewesha. Kama kwa sababu yoyote hukuanza Jumamosi, kama mashine iliharibika, kama mtoto aliugua, kama Mungu aliweka kizuizi chochote, acha. Mwaga ile chupa.

Hakuna nyeusi iliyostaarabika. Nilipofika kwenye lile nusu tone, niliiweka barua yako chini. Nyeusi lazima itoe buluu. Ikiwa mimi sikuiona buluu, basi kibovu hakikuwa wino.

Nilimwita mama yako mdogo, nikamwekea mkono mezani, nikamwambia aniambie ukweli kama wa kaburini. Akatazama chini. Akasema, "Lina ubuluu, mume wangu. Kama mtu aliyejigonga. Lakini ulikuwa umefurahi mno." Wanawake wa nyumba hii mtaniua kwa huruma.

Tumekwenda kliniki asubuhi hiyo hiyo. Muuguzi amenimulika macho akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa siku nyingi. Anasema ukungu wake una unjano, na mtu anayetazama kupitia unjano, buluu humpotea kwanza. Nilimwambia mimi ni fundi wa rangi. Akadhani natania.

Mwanangu, nilijua. Si jina lake, lakini nilijua kuna kitu. Mwaka wa pili huu nachora kwa mazoea, chupa nazijua kwa mahali zilipo. Meza haiyumbi. Nilificha kwa sababu fundi asiye na macho ni mzee tu aliyekaa kwenye kiti. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio chenyewe nimekipeleka kwenye uso wa mjukuu wangu.

Wamenipangia operesheni tarehe kumi Juni, jicho moja baada ya jingine. Haitasaidia kitu sasa.

Niambie hukuanza.

Baba


18 Mei

Baba,

Nilianza.

Gamba bado halijatoka. Kila asubuhi anaingia kwangu na kuniegemezea shavu: "Mama, niangalie, limekaaje?" Natazama na kusema limekaa vizuri. Leo pembeni ya taya kipande kimebanduka. Najua nilichokiona. Baba, natamani na mimi ningekuwa na mtoto wa jicho.

Kosa si lako peke yako, usijibebe. Wewe ulificha macho, mimi nikaficha tone. Kila mmoja angesema neno moja tu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hili si langu, ni la mtoto, mara ya pili.

Ana wiki moja ya furaha, labda mbili. Nimwambie sasa, au nimwachie hizo siku? Viatu vyeupe amevinunua. Viko mlangoni vimetazama nje.

Niambie la kufanya. Siwezi kufikiri.

Bintiyo


4 Juni

Babu,

Shikamoo. Mimi ndiye kovu.

Mama hajui kama nakuandikia. Barua zako nimezikuta chini ya mto wa kiti cha kinyozi. Nimezisoma zote, kwa hiyo usihangaike kunieleza, najua nani alificha nini. Hatukuwa na haja ya televisheni nyumba hii.

Gamba lilitoka lote tarehe ishirini na saba. Nilijua kabla ya kioo, nilimwona Mama usoni. Ni buluu, Babu. Si buluu ya kupendeza. Ni kama wino wa kalamu uliovuja mfukoni kwenye shati, ukafuliwa, haukutoka. Kabla ya haya yote lilikuwa kovu tu, na watu walilitazama wakaona huruma. Sasa wanatazama wakijiuliza nani ananipiga. Muuza mkate ameniuliza.

Mama analala mlangoni mwa bafu, leo siku ya nane. Vidonge vyake amempa fundi viatu amtunzie, anashuka asubuhi na jioni kumeza kimoja kimoja mbele ya viatu vya watu. Hanitazami. Anaongea na bega langu. Simchukii. Labda hasira ninayo, lakini imechoka kuliko mimi.

Sitakudanganya kwamba niko sawa. Usiku huwa nazihesabu zile ngazi kumi na nne kichwani, na siku nyingine nazihesabu za kushuka tu.

Lakini kuna neno moja kwenye barua yako ya Aprili nalirudia. "Halionekani." Kumbe duniani yupo mtu mmoja aliyeitazama rangi hii dirishani, kwa jua, asubuhi tatu, na hakuiona. Hakuwa anadanganya, hakuwa ananihurumia. Alitazama tu, akaona ngozi.

Babu, umesema operesheni ni tarehe kumi. Nakuomba usiende. Najua ni ombi la kikatili, mtu kumwomba mzee wake abaki gizani. Lakini nataka kuja kukaa kwako, mbele ya mtu anayenitazama usoni huku anaongea na macho yake yasikimbie. Sijui kwa muda gani. Nataka tu nijue inakuwaje.

Ukikataa nitaelewa, macho ni yako. Ila nijibu. Usiponijibu, sijui.

Kipusa
(jina la utani mbaya ulilonipa wewe)


12 Juni

Kipusa wangu,

Marahaba, marahaba mara mia.

Jina si la utani. Ulizaliwa umekunja ngumi na uzuri wako wote, nikakuita nilichokiona, na wakati ule niliona vizuri.

Barua yako ilinifikia siku tatu kabla ya operesheni. Mama yako mdogo, samahani, bibi yako mdogo, alinisomea mara mbili. Kisha nikamwomba aniachie, nikalala nayo chini ya mto, na hospitali nikaenda nayo mfukoni.

Daktari ni kijana mpole. Akaniuliza, "Mzee, tuanze na lipi?" Nikamwambia la kulia. Akasema la kushoto ndilo lenye ukungu mzito, busara ni kuanza nalo, kisha la kulia mwezi ujao. Nikamwambia la kulia, na mkimaliza mnipe kofia yangu niende nyumbani, la kushoto lisiguswe. Akadhani naogopa kisu. Akanieleza kwa upole, akanichorea na picha. Nikamwambia mwanangu, la kushoto si langu, nimelitoa.

Jana wamenifungua kitambaa. Nikauweka mkono dirishani nikatazama kwa jicho jipya. Doa la tatu ni buluu kama ulivyosema, buluu ya shati lililovujiwa. Nililia, na waliniambia nisilie, dawa itatoka. Sasa nakijua unachokiona kwenye kioo. Ninacho mkononi, nilikiweka kwa mkono wangu mwenyewe, na sitakifunika maadamu chako kipo.

Nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki kukupa maneno matamu. Buluu huuawa na rangi ya chungwa, si ya ngozi. Lakini kovu lako limechoka, linahitaji mwaka mzima bila sindano, na hata baada ya mwaka huenda likakataa. Nilikuwa nasema mara ya tatu haiwezekani. Nimesema mambo mengi maishani. Tutajaribu kwanza kwenye mkono wangu, mara kumi ikibidi, na safari hii kila tone litasemwa kwa sauti. Sikuahidi uso. Nakuahidi mwaka.

Chuo kiandikie wakuwekee nafasi. Mama yako mwambie atoke mlangoni mwa bafu alale kitandani, kisha mje wote wawili, kiti cha kinyozi abaki nacho fundi viatu. Beba na vile viatu vyeupe. Basi linaondoka saa moja asubuhi, dereva ananijua, nimemwambia anakuja mtu wangu. Nitakuwa kituoni.

Kwa hiyo sasa nina macho mawili yasiyopatana. La kulia ni la kazi, litaona kila kitu, halitakuonea huruma, na utalihitaji siku ya kuchanganya wino. La kushoto halina kazi. Leo asubuhi nimelifunika la kulia kwa kiganja nikalitazama doa la tatu kwa hilo la kushoto, muda mrefu, kwa jua la dirishani.

Halionekani, Kipusa.

Ukifika, kaa upande wangu wa kushoto.

Babu yako